Bwana Giza na Taa Yake

Idara ya Dawa ilikwisha kutamka, na tamko hilo halijabatilishwa, kwamba kemikali aliyoihangaikia marehemu haina matumizi yoyote ya tiba. Familia inalitambua tamko hilo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi saa. Alisomea kemia hadi shahada ya uzamili, na mwaka 1978 akaajiriwa katika maabara ya hospitali. Huko alitengeneza dawa ya kuleta njozi. Chembe isiyoonekana kwa macho ilitosha: ilikalia kiti cha serotonini, kemikali ya hisia ubongoni, ikagoma kuinuka kutwa nzima, kama mgeni aliyekaribishwa chai. Kwa kuwa mwanga uliiharibu, aliziba madirisha yote. Wenzake wakamwita Bwana Giza.

Mwaka 1982 alimwoa muuguzi wa wodi ya saratani, aliyemweleza kwamba wagonjwa wake hawaogopi maumivu kama wanavyoogopa kufa. Kwa kibali, dawa ikajaribiwa kwa wachache waliokuwa ukingoni, akiwemo seremala aliyekuwa akilala taa ikiwaka tangu alipopewa majibu.

Tamko lilitoka mwaka 1989, likiambatana na amri ya kuteketeza dawa yote. Aliyejua namna ya kuiteketeza alikuwa yeye, basi akapewa kazi. Alizianika chupa juu ya paa la maabara, na kila jioni akazimulika kwa taa ya zambarau, inayoifanya dawa isiyoharibika ing'ae buluu, mpaka mng'ao huo ukatoweka.

"Si ubakize hata moja?" mkewe alimuuliza.

"Nikibakiza, mke wangu, watasema walijua tu kwamba nitaificha."

Alihamishiwa kupima maji ya mabomba hadi alipostaafu.

Januari 2023 aligundulika na saratani ya kongosho. Dawa ya kumfaa aliijua. Alijua pia haipo, na aliyehakikisha haipo ni nani.

"Bwana Giza naye anaogopa giza?" binti yake mkubwa alimtania usiku mmoja, mkono ukiwa kwenye swichi.

"Anaogopa, mama. Usizime."

Alifariki nyumbani tarehe 14 Juni, saa nane mchana, mapazia wazi, taa ikiwaka.

Ameacha mjane, mabinti wawili, kaka mmoja na wajukuu wanne. Apate huko aliko pumziko ambalo huku hakulipata.

Mjane wa yule seremala, ambaye yupo nasi, ameomba itajwe kwamba mumewe, baada ya kupewa ile dawa, aliomba taa izimwe, akalala.