Violet Yonasi Halinga na Jicho la Kushoto

Dada yetu Violet alizaliwa Nanyala, wilayani Mbozi, tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa pili wa Mzee Yonasi Halinga. Alimaliza darasa la saba hapo hapo mwaka 1983.

Mwaka 1990 alihamia Tunduma, akauza maharage na mchele hadi ng'ambo ya mpaka, Nakonde, Zambia. Hakujua kutulia; sokoni alihamisha meza yake mara tano. Mwaka 1993 alifunga ndoa na Ferdinand Msongole wa Iyula, wakajaliwa watoto wawili.

Kuanzia 2012 jicho lake la kushoto lilitiririka machozi bila kukoma, na pembeni mwa pua pakawa panavimba na kutoa usaha. Dawa za matone hazikusaidia. Mumewe alipofariki, Agosti 2014, wakwe waliona jicho moja linatiririka na jingine kavu, wakasema analia kwa hila. Mama mkwe wake, Bibi Marita, hakusema naye tena.

Madaktari Mbeya walimweleza kuwa mfereji unaopeleka machozi puani umeziba, na kwamba watatoboa mfupa wa pua kuyafungulia njia mpya. Mimi mdogo wake Shadrack, ninayewasomea wasifu huu, nilimkataza asipasuliwe. Februari 2017 akalazwa. Asubuhi ya upasuaji akatoroka, gauni la wodini likiwa chini ya kitenge, akanipigia simu kutoka stendi. Nilimfuata nikidhani tunarudi nyumbani.

"Shadi, nirudishe hospitali," akaniambia. "Naogopa, lakini nimechoka kujieleza."

Alipasuliwa kesho yake. Mrija laini uliachwa ndani kwa miezi mitatu. Ulipotolewa, alikwenda Iyula moja kwa moja. Bibi Marita alimtazama kwa muda, akapitisha kidole gumba pembeni mwa jicho, akakuta pakavu.

"Kumbe mwanangu ulikuwa unaumwa," alisema.

Violet akalia, kwa macho yote mawili.

Tarehe 6 Juni 2024 presha ilimwangusha sokoni. Siku tatu alizolazwa hospitali ya Vwawa hakuweza kusema, ila mkono wake wa kulia haukuacha kuvuta shuka, kama mtu anayetaka kuondoka. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Juni.

Ameacha watoto wawili, Lusajo na Aliko, wajukuu watatu, mimi mdogo wake, na Bibi Marita, aliyehamia kwake Tunduma mwaka 2018, na ambaye tangu Jumapili anatuuliza Violet anarudi lini.

Bwana ampokee, ampumzishe kwa amani.