Kurasa Mbili Zilizogandana

Marehemu, ambaye karibu wote mliofika hapa mlimwita Kona, alizaliwa tarehe 6 Aprili 1951, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi cherehani na mkunga. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alikuja wiki tatu kabla ya siku zake, na tangu hapo hakuwahi kutulia mahali alipo. Kila mara alikuwa mbele kidogo. Wasifu huu umeandikwa na mjane wake. Unasomwa na binti yao wa kwanza, kwa sababu mjane amesema akisimama yeye ataanza kumgombeza marehemu mbele za watu.

Alianza shule ya msingi Januari 1958. Akiambiwa asome kwa sauti, macho yalishafika aya ya pili na mdomo ukayafuata, wenzake wakabaki wanafunua kurasa hovyo. Mwalimu wa darasa la nne aliandika kwenye ripoti: "Anasoma vizuri, ila hasomi tulipo." Ripoti hiyo aliitunza maisha yake yote kana kwamba ni sifa. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1968.

Tarehe 1 Februari 1971 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, chumba cha kujalidi vitabu, chenye dirisha moja, meza ya bati na kopo la gundi lililokuwa halifungiki. Alikaa hapo miaka arobaini. Kitabu kilicholegea jalada kilimwasha kama upele; hata vitabu vya watu alivyovikuta mezani kwao alivichukua akavirudisha vimejalidiwa upya, bila kuombwa. Kijitabu mlichoshika mikononi kimechapwa na wenzake wa kiwandani, na wamekiri kwamba walipokuwa wakikibana pini walihisi kuna mtu anawasimamia nyuma.

Mwaka 1976 makanika mmoja alipeleka kitabu cha mwongozo wa gari kikajalidiwe. Huyo ndiye Mguu, mzee mwenye fimbo aliyekaa safu ya mbele. Walianza kubishana kuhusu magari ya mbio kabla gundi haijakauka, na mwezi uliofuata wakaingia mashindanoni pamoja. Wengi mnadhani Kona alikuwa dereva. Hakuwa. Hakuwahi hata kuwa na leseni. Mguu ndiye aliyeshika usukani. Kona alikaa kiti cha pembeni, daftari mapajani, akimsomea dereva kona ambayo bado haijaonekana: kushoto au kulia, kisha namba, moja ikiwa kona kali kuliko zote na sita ikiwa karibu nyoofu; "usikate" ilikuwa onyo la kutopita ndani ya kona. Kwa miaka ishirini na tatu Mguu alikanyaga mafuta kuingia kwenye vumbi asiloona ng'ambo yake, kwa sababu tu sauti ile imesema kuna barabara.

Alifunga ndoa tarehe 12 Julai 1980. Mguu ndiye aliyewaendesha, na bwana harusi akamsomea kona zote tangu nyumbani kwa bibi harusi, mpaka bibi harusi akamwambia, "Mume wangu, naomba unyamaze." Akanyamaza kwa kununa. Wakapitiliza njia panda, wakajikuta ndani ya uwanja wa mbao, shela limejaa unga wa msumeno. "Uliniambia ninyamaze," alisema. Mjane anaomba ieleweke kwamba alilisikia neno hilo kwa miaka arobaini na tatu.

Ndani ya mlango wa kabati la nguo marehemu alibandika orodha ya magari kumi bora kuliko yote katika historia ya mbio za barabara mbaya. Alibandika kwa gundi ya kiwandani, na mlango huo haujawahi kupakwa rangi tena. Mkewe, ambaye hajui hata kufungua boneti, anaweza kuwatajia: Datsun 240Z, Peugeot 504, Mitsubishi Pajero ya jangwani, na namba kumi lori zima, ambalo yeye mpaka leo haoni linatafuta nini kwenye kabati lake. Watoto walilijua umbo la Mini Cooper kabla ya kujua herufi. Ugomvi ulikuwa namba moja. Kona alisema Lancia Stratos, kwa sababu ilizaliwa kwa ajili ya mbio tu na haikujifanya kuwa kitu kingine. Mguu alisema Audi Quattro, kwa sababu baada yake kila mtu alilazimika kuunda gari linalosukumwa na magurudumu yote manne. Kila Jumapili Mguu alikuja, akafungua kabati la watu, akafuta na kuandika lake kwa penseli. Mchana ukiisha, Kona alifuta lile.

Tarehe 15 Oktoba 1999, siku moja kabla ya mashindano, marehemu aliona jalada la daftari la kona limelegea. Mkewe alimwambia aliache. Mguu alimwambia aliache. Akalijalidi. Kesho yake, kilomita ya thelathini na moja, alifunua ukurasa, na gundi mbichi ikawa imegandanisha kurasa mbili. Kona iliyofichwa katikati iliandikwa, "Kulia mbili, usikate, mawe." Aliyoisoma yeye ni, "Kushoto sita, kanyaga." Gari lilipinduka mara tatu. Marehemu alipoteza jino moja. Mguu alivunjika nyonga, na tangu siku hiyo hajaendesha gari lolote, hata la kwenda dukani.

Wasimamizi walipouliza, Mguu, akiwa kwenye machela, aliwaambia, "Nilichelewa breki. Kosa langu." Marehemu alikuwa na pamba mdomoni. Pamba ilitolewa, naye hakusema kitu. Wiki ikapita, mwaka ukapita. Kona aliona aibu kwenda kumjulia hali Mguu, na kwa kuwa hakwenda akazidi kuona aibu. Mitaa mitatu tu ilitenganisha nyumba zao, na kwa miaka ishirini na minne mtu mzima alizunguka sokoni kote ili asipite mbele ya gereji ya mwenzake. Kwenye kabati, nafasi ya namba moja ilibaki wazi. Watoto wakiuliza waliambiwa wakacheze, na mke akiuliza aliambiwa Mguu ana shughuli nyingi.

Mapafu yalianza kumsumbua Machi 2022. Alilazwa mara nne. Akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu aliwasomea wauguzi: "Kushoto tatu, kizingiti, mlango unajifunga." Mhudumu mmoja alilalamika, kisha akazoea, kisha akawa hawezi kumsukuma mgonjwa mwingine bila kuuliza kona ya mbele ikoje. Januari mwaka huu alimwita mkewe karibu. "Mwambie Mguu ameshinda. Quattro." Mkewe alisubiri. "Ni hilo tu?" Ndipo likatoka: daftari, gundi, kurasa mbili. Akataka lisomwe leo, mbele ya watu wote. Mkewe alimuuliza kwa nini asimwite mtu huyo, anayekaa mitaa mitatu, amwambie mwenyewe angali hai. Alijibu kwamba hana pumzi ya kutosha. Pumzi ya kubishana na daktari kuhusu Stratos alikuwa nayo. Alifariki tarehe 3 Februari 2024, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono na bado amemkasirikia.

Mjane hakuwa tayari mtu akasikie jambo kama hili mazikoni, akiwa amezungukwa. Juzi alikwenda gereji mwenyewe, akamweleza yote. Mguu aliweka spana chini.

"Shemeji, nilijua. Nilimwona amefunua mbili."

"Ulimwona?"

"Na kona niliiona. Kwa macho yangu. Breki ningeweza kufunga."

"Sasa kwa nini hukufunga?"

"Yeye alisema kanyaga. Ningeanzaje siku hiyo kutomwamini?"

Mjane alimuuliza kwa nini basi hakuja nyumbani miaka yote hiyo. Mguu alisema alidhani Kona ndiye aliyekasirika, kwa kupinduliwa. Mjane alikaa juu ya tairi, akalia, na alipomaliza kulia akawagombeza wote wawili, aliyekuwepo na asiyekuwepo. Alipofikisha ule ujumbe wa Quattro, mzee aliokota spana yake. "Alisema Quattro? Basi alikuwa mgonjwa kweli." Kisha akageukia ukuta, na shemeji yake akamwacha.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano, dada mmoja, kabati moja lisilopakika rangi, na Mguu. Ameacha pia daftari dogo jipya, aliloliandika wodini, lenye kona zote kutoka hapa mpaka makaburini. Mjane alimpelekea Mguu funguo za gari la jeneza. Mzee alizitazama muda mrefu, akasema ataendesha, lakini nani atamsomea?

Atasoma mjane. Amekwisha kupitisha rula kati ya ukurasa na ukurasa, mmoja mmoja, na hakuna ulioganda. Wa mwisho unasema, "Kulia mbili, lango, usikate. Taratibu hapa, Mguu. Nisamehe." Apumzike sasa. Safari hii anasomewa.