Kisiwa cha Nane

Ilikuwa Jumatano, saa tisa na dakika kumi alasiri, babu alipoomba ainuliwe akae. Mjukuu wake aliitazama saa ya ukutani kwa kuwa hakuweza kumtazama yeye. Mama yake alimwekea mzee mto mgongoni, na mzee huyo, mpima ardhi aliyechora ramani ya mkoa mzima wa visiwa, akaanza kusema.

"Sogeeni, damu yangu, maana sauti niliyobaki nayo ni ya kuazima. Mwanangu, nyumba ni yako. Kaka yako asikubabaishe, yake alishaiuza. Nawe mke wangu," akamwambia mjukuu, kwani utani hakuuacha hata siku hiyo, "wewe unarithi kosa langu.

"Mkoa huu una visiwa saba. Kile kikubwa kina bandari na minazi, vidogo vina chumvi, samaki na mikoko. Lakini mwaka niliopima, ukungu ulitanda siku tisa, mkubwa wangu anadai ramani, nami nikaona kivuli upande wa kaskazini, nikakichora. Mpima hachori asipokanyaga, mimi nilichora. Nikakipa ghuba, njia ya miguu na kisima kimoja. Niliporudi nikakuta maji matupu, kina cha pima thelathini. Nikanyamaza, maana maji yakimwagika hayazoleki.

"Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, wanangu. Mwaka wa tatu magunia kumi na mawili ya chumvi yalikutwa gatini, yana alama ya kisiwa hicho, na hakuna aliyeona chombo kilichoyaleta. Wakubwa wakafurahi, wakaandika: kisiwa cha nane, chumvi. Mwaka wa kumi akaja mwanamke ofisini kwangu, nguo zimelowa hadi magotini, akaniuliza kwa adabu, 'Mzee, mbona ulituchorea kisima kimoja tu?' Nikamchorea cha pili. Mwaka uliofuata magunia yakawa ishirini na manne.

"Sasa huko ofisini mnachora ramani mpya kwa picha za angani, na kalamu unayo wewe. Utaona maji matupu. Usikifute. Wale watu hawana pengine... pa kukanyaga. Nizikeni mapema, msisubiri wa mbali. Mungu awape... nchi kavu... chini ya nyayo..."

Mjukuu aliushika mkono wake hadi ukapoa. Hakuthubutu kumwambia kwamba alishakifuta asubuhi ileile, saa nne kasoro, na kwamba ramani ilikuwa iende kiwandani kuchapwa kesho yake saa mbili asubuhi.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya mazishi, alikimbilia ofisini. Ukumbi wote ulikuwa umelowa. Kwenye mabenchi, na sakafuni kando ya mabenchi, walikaa wanaume, wanawake na watoto waliopakata sufuria zao, maji yakiwachuruzika nywelani. Hakuna aliyelalamika. Walimtazama tu, kama watu wanaojua zamu yao itafika.

Hakuwauliza wametoka wapi. Alifungua mlango wa chumba chake, akawasha kompyuta, akasogeza kiti kumkaribisha aliye mbele.

"Visima vingapi?" akauliza.