Suruali ya Tatu ya Chuma

Wasikilizaji wapendwa, geti mnalopita mkija studio hapa lilichomelewa na mtu tuliyemwita Chuma. Chuma hatunaye tena. Amefariki akiwa na miaka arobaini na minne.

Mchana alichomelea mageti. Jioni alitunisha misuli, na jukwaani alipanda miaka ishirini na miwili. Watu wa fani hiyo wana maneno mawili. Kujaza, ni kula mpaka mwili ufure. Kukausha, ni kujinyima chakula, na siku za mwisho kujinyima hata maji. Chuma alijaza na kukausha kila mwaka. Narudia, kila mwaka.

Dada yake ni fundi cherehani. "Kaka alikuwa na suruali mbili za kila rangi," anasema. "Ya kujaza na ya kukausha. Nikawa namtania, kwani wewe ni mtu mmoja au pacha?"

Miaka ikasonga, mwili ukawa mkaidi. Kilo alizozitoa kwa wiki nane zikawa zinamchukua wiki kumi na sita. Alikula kidogo kuliko binti yake mdogo, na kitambi kiko palepale. Akiacha kujinyima, mafuta yanarudi mbio, misuli inarudi kwa kusuasua. Mwili ulishaizoea njaa, ukajifunza kuweka akiba.

Ndipo mwaka jana, hata msimu wa mashindano haujafika, Chuma akaanza kukauka mwenyewe. Anakula, na anapungua. Kiu haimwachi. Haja ndogo kila saa. Jamani, Chuma alifurahi.

"Dada, safari hii mwili umekubali," alimwambia. "Hebu nipunguzie kiuno."

Dada akapunguza. Mwezi mmoja, mara tatu.

"Nilikuwa na pini mdomoni na ninacheka," ananiambia. "Mikono yangu ilijua amekonda. Mimi nikaona amekauka."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini Chuma hakuficha, wasikilizaji. Alitangaza kila mahali, na sisi tukampigia makofi. Hata mimi nilipiga, na jambo hilo linaniuma.

Alianguka asubuhi karakanani, miwani ya kuchomelea ikiwa bado usoni. Hospitalini wakasema ni kisukari. Kilikuwepo muda mrefu, na figo zilikuwa zimechoka. Daktari hakutaka kulaumu kitu kimoja. "Kisukari kina njia nyingi," aliiambia familia. "Ila kuushindilia mwili chakula kisha kuushindisha njaa miaka yote hiyo, mwili haukusahau."

Siku ya tatu Chuma alizinduka kidogo. Akamshika dada yake mkono, akasema, "Waambie wenzangu. Kiu nisiyoiita ilikuja, nikaikaribisha."

Siku ya tano akaondoka.

Dada alifungua kabati kumtafutia nguo ya mwisho. Ya kujaza ilikuwa kubwa. Ya kukausha nayo ilikuwa kubwa. Akakaa kwenye cherehani, akashona ya tatu.

Kwa dada, kwa mjane, kwa binti yake, tunawapa pole kutoka moyoni. Mungu awape subira. Na wewe unayenisikiliza, kesho ukifunga mkanda ukakuta tundu limesogea na hukulisogeza wewe, usifurahi kwanza. Nenda kapime.