Siku Mbili za Kungojea Tanuru Lipoe

Wana Kamina, wana Base ya jeshi, padri, machifu, na ninyi mnaojipepea kwa karatasi ya programme hii: simameni wima! Leo tunamzika Mama Émerence Kyabu, mfinyanzi mkuu, mwanamke pekee wa mji huu aliyefanya udongo ung'ae kuliko gari la waziri.

Alizaliwa Kabongo tarehe 14 Machi 1958, mama yake akiwa mfinyanzi wa mitungi. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, kwa masista. Mwaka wa sita alifukuzwa siku tatu kwa kufinyanga sura ya mwalimu wa hesabu. Mwalimu alisema kufinyangwa si neno; kilichomuudhi ni kufinyangwa akisinzia.

Mwaka 1981 aliolewa na Djo Mbuyi, askari wa Base ya Kamina. Djo alikuja kununua mtungi, akainua miwili kwa kuishika mdomo, kama bidon ya maji. Mkononi ikabaki midomo tu.

"Weye, achana na mitungi," marehemu akamwambia. "Kalete kuni."

Djo alileta kuni miaka thelathini na minane, hadi alipotutoka mwaka 2019.

Kazi iliyompa marehemu jina ni sanamu. Wake za askari walimletea chupa za kijani za bia, ambazo waume zao walizimaliza kwa moyo wa kujitolea. Alizisaga, akachanganya unga wake na majivu, akapaka sanamu na kuichoma mpaka unga ukayeyuka ukawa ngozi ya kioo. Jirani yake, Mama Phébé, alipopewa kuku wa udongo wa kwanza, alimwanika juani siku tatu.

"Émerence, kuku yako haiyakauka bado!"

"Haiwezi kukauka, yaya, dada yangu. Iko vile."

Lakini alichokitamani maisha yake yote ni sanamu ya mwanamke aliyepiga magoti na bakuli mikononi, mkubwa kama mtu. Wawili walipasukia tanuruni. Figo zilipoanza kumsumbua, mwaka 2024, akaanza wa tatu. Jumanne tarehe 3 Juni 2025 tulimchoma huyo wa tatu, na siku hiyo hiyo daktari akatuambia mama hatamaliza wiki. Binti yake Sylvie alikimbilia koleo.

"Tufungule leo, mama amuone!"

Jibu lilitoka kitandani: "Iko moto bado. Mukifungula, baridi itamupasula. Miye nitamungojea."

Nani mwingine amewahi kukiambia kifo kikae kando kwanza, tanuru lipoe? Alhamisi tulimleta mama tanuruni juu ya taxi-moto, kati ya dereva na Sylvie. Tofali la kwanza la mlango wa tanuru likatoka. La pili. La kumi. Mzima! Kijani tangu magoti hadi utosini, hana ufa hata wa unywele! Vigelegele vilisikika hadi gare ya treni, na Mama Phébé akacheza mpaka kilemba kikamwacha.

Marehemu alifariki kesho yake, Ijumaa tarehe 6 Juni, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 67. Ameacha watoto wawili, Guylain na Sylvie, wajukuu saba, na mwanamke mmoja wa kijani. Udongo alioujua vizuri umpokee taratibu.

Alhamisi ile, pale tanuruni, Guylain alimpigia magoti mama yake, machozi yakimtoka kwa furaha.

"Mama, siku yako ikifika, tutaandika maisha yako kurasa kumi na mbili!"

Marehemu hakuondoa macho kwenye sanamu.

"Andikeni fupi," akasema. "Bantu ba matanga batakuwa na njaa."