Mgeni wa Saa Saba

Wapendwa, nawasalimu kwa furaha. Mchungaji amenipa dakika tano, na mimi mnanijua nikishika kipaza sauti, kwa hiyo mwombeeni mchungaji.

Wengi mnafahamu nilikuwa nasoma shahada ya uzamili ya uhandisi pale Dar. Kule kuna somo moja la usanifu ambalo si la kukaa darasani. Kampuni inaleta shida yake ya kweli, inanunua vifaa, na wanafunzi wanne mnaambiwa: haya, tengenezeni. Sisi tulipewa kampuni ya mwani, huku huku kwetu Bagamoyo. Walitaka chumba cha kukaushia mwani kwa feni za sola, maana mvua ikinyesha ule ulioanikwa nje unaoza. Nikachaguliwa kiongozi. Kichwa kikavimba! Mama akatangaza kijiji chetu kizima cha Zinga.

Tukajenga. Msimamizi wa kampuni akatuelekeza, "Feni ziwake saa mbili, zizime saa kumi." Mwenzetu mmoja akazitegea saa, zijiwashe na kujizima zenyewe. Tukarudi chuoni tunaimba.

Ndugu zangu, nawaambia, tulipokwenda kutazama, mwani umelowa kuliko tulivyouacha! Tukabadilisha betri. Umelowa. Tukahamisha paneli. Umelowa, na sasa unanuka. Kila tukifika mchana tunakuta feni zimelala, betri imechoka. Kampuni ikasema tukishindwa tena inajitoa. Mwalimu akasema bila mashine inayofanya kazi hakuna kufaulu. Wenzangu wakaanza kurushiana lawama, na mimi kiongozi nalia bafuni nimefungulia bomba nisisikike. Hamkuniona kwenye kwaya mkadhani nina malaria. Haikuwa malaria. Nilijiona mjinga, nikaamua kuacha chuo.

Lakini kwetu mtu haondoki bila kuaga. Nikawaalika wenzangu nyumbani Jumamosi, saa saba, wale kwanza ndipo niwaambie.

Jumamosi asubuhi nafagia uwanja, nimejifunga khanga, mswaki mdomoni, nasikia, "Hodi!" Ni yule mwenzetu aliyetega saa. Huyu kakulia ng'ambo, Kiswahili kajifunza ukubwani, na chuoni saa zote tulizitaja kwa Kiingereza. Kavaa shati la pasi, kakumbatia tikiti maji.

"Karibu. Mbona asubuhi yote hii?"

"Si ulisema saa saba?" Akanionyesha simu. Kweli, saba kamili, ya kizungu.

Mama akaangua kicheko hadi akakaa chini. "Mwanangu, hii saa moja! Mchele hata sijauchambua!"

Nikacheka na mimi, jamani, nilikuwa nimesahau kucheka. Kisha kicheko kikanikatika. Nikatoa mswaki. "Wewe. Ile saa mbili ya feni, uliweka ipi?"

Akaitazama tena simu yake. "Mbili. Kama kwenye simu."

Mmeelewa, wapendwa? Feni zetu zilikuwa zinaamka usiku wa manane, zinaupulizia mwani umande wa bahari, na jua likikolea zinalala! Mlinzi wa pale alituambia baadaye, "Mbona usiku zinanguruma vizuri tu?" Wahandisi wanne, hakuna aliyemuuliza.

Tukaenda mbio, tukarekebisha saa, tukarudi kula na wenzetu wawili kwa shangwe mpaka majirani wakachungulia. Baada ya siku chache mwani ukawa mkavu, unakatika mkononi. Tumefaulu! Na kampuni imeagiza chumba cha pili.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama. Nawashukuru wanakwaya mlioniletea uji wa malaria, niliunywa wote. Na neno langu ni hili: ukishindwa, usikimbilie kujiita mjinga. Muulize kwanza mwenzako, "Hivi tulielewana?"

Wenzangu watatu wamekaa benchi la nyuma. Simameni muonekane. Hawa walikuwa hawajui, wanasikia leo pamoja nanyi: wenzangu, ule wali mlioula kwa shangwe, niliupanga uwe wa kuwaaga. Asanteni mlivyoumaliza hadi ukoko.