Ukuta Uliofunguliwa kwa Wiki Moja

Wazazi wenzangu, haya niliyasikia ndani ya basi, nawaandikia mjihadhari. Mbele yangu walikaa watu wasiojuana, dada wa ofisi ya ushauri wa fedha na kaka fundi wa mitandao. Dada alilalamika kwamba mtoto wake alipougua, ukuta wa kinga wa kompyuta za ofisi, ile programu inayozuia watu wa nje kuingia, ulimzuia kufanyia kazi nyumbani, mpaka akamwomba fundi wao aufungue.

"Akakufungulia wewe tu?"

"Akafungua kwa yeyote, kwa wiki moja. Huu sasa mwezi wa tatu." Aliyasema hayo akijipaka mafuta ya midomo.

"Dada yangu, mmelala mlango wazi."

"Usinitishe, kaka. Mafaili yetu yamo kwenye wingu, kompyuta za kampuni nyingine huko mtandaoni, wenye wingu wanalinda."

"Wanalinda jengo lao. Mlango wa chumba chenu ni juu yenu. Mpigie fundi afunge."

"Bosi akijua atanila mbichi."

Dada alipogeuka nikasoma jina la ofisi kwenye beji yake. Ndiyo ofisi ambayo binti yangu aliipelekea kitambulisho changu na hati ya nyumba yetu. Basi likasimama, wakashuka wakibishana, simu ya dada bado imo mkobani. Kituo changu kilikuwa mbali, lakini nilishuka nyuma yao.